Upwork ilianza na marafiki wawili

Vijana wenzangu, hii Upwork ya kutafuta kazi kwa mtandao ilitoka wapi? Mwaka 2003 Wagiriki wawili, Odysseas Tsatalos akiwa Marekani na Stratis Karamanlakis akiwa Ugiriki, walitaka kufanya kazi pamoja. Shida ni hii: bosi atamwaminije mtu asiyemwona? Wakaunda oDesk. Kompyuta ya mfanyakazi inapigwa picha za skrini, bosi anaona, analipa. Baadaye oDesk iliungana na Elance, na 2015 ikaitwa Upwork.

Sisi kambini swali la kuaminiwa bado lipo, ila limegeuka. Kazi tunaweza kuonyesha. Tunachoulizwa ni kitambulisho na akaunti ya kupokea pesa. Ndugu, unapojifunza programu, fuatilia na karatasi zako mapema.