Mizani ya Pamba na Utawala wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulitangazwa rasmi Machi 2012, pamoja na Geita, Njombe na Katavi. Maswa, Meatu na Bariadi zilitoka Shinyanga, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Busega ikamegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Bariadi mjini pakawa makao makuu. Anayeisoma historia hiyo kwenye Gazeti la Serikali peke yake atadhani kwamba mkoa huu ni mtoto wa juzi, aliyezaliwa kwa kalamu ya wakubwa. Hoja yangu ni tofauti. Kwa takribani miaka mia moja, mamlaka yanayomgusa mkulima wa Simiyu yamekaa zaidi kwenye mizani ya kununulia pamba kuliko yalivyokaa kwenye bendera au ofisi. Ukitaka kujua nani alitawala hapa katika kipindi fulani, uliza ni nani aliyekuwa akipima pamba.

Kabla ya pamba palikuwa na watemi. Ntuzu, Itilima, Kanadi na Meatu zilikuwa nchi zenye watemi wao, na majina mawili kati ya hayo bado ni majina ya wilaya. Nguvu ya mtemi ilitegemea ardhi, mvua na ghala la nafaka, nayo ilikuwa na mipaka, kwa kuwa wazee waliomsimika waliweza pia kumwondoa. Waingereza walipoweka utawala kupitia watemi katika miaka ya 1920, walimgeuza mtemi kuwa mtu wa mshahara na mkusanya kodi. Kodi ilidai fedha taslimu, na fedha ilidai zao la kuuza. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukuma ilipata njia ya haraka ya kwenda baharini, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru kikaanza kuzalisha mbegu. Serikali iligawa mbegu, ikaagiza pamba ipandwe kwa wakati, na ikaamuru miti yake ing'olewe na kuchomwa baada ya mavuno. Mtemi alisimamia amri hizo na kuwatoza faini waliozikaidi, ila pamba yenyewe hakuipima. Kazi hiyo ilikuwa ya wafanyabiashara wenye leseni, wengi wao Waasia, ambao pia walimiliki viwanda vya kuchambulia. Hivyo mtemi alibaki na lawama, na faida ikaenda kwa wengine.

Ndiyo maana siasa za uhuru za Kanda ya Ziwa zilianzia gulioni. Wakulima walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inapunja, wakataka wapimaji wao wenyewe wasimame kando yake. Kutokana na madai hayo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo katika muda mfupi ilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga TANU marufuku katika Jimbo la Ziwa tangu 1954, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Kwa miaka minne, basi, mwanakijiji wa Maswa asiyeweza kuhudhuria mkutano wa chama cha siasa aliweza kuhudhuria mkutano wa chama cha ushirika, akachagua viongozi na kudai hesabu. Utawala wa watemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, wanavijiji walikuwa tayari na uzoefu wa kuchagua na kuhoji.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwa kuwa Msukuma huhesabu utajiri wake kwa ng'ombe na pamba ni kibarua tu cha msimu. Pingamizi hili lina uzito. Fedha za pamba ziliishia zizini, zikageuka mahari na majembe ya kukokotwa na maksai. Hata hivyo ng'ombe ana miguu. Mwenye mifugo aliweza kumficha asihesabiwe, kumhamisha au kumuuza siku aitakayo. Pamba haina hiari hiyo: huvunwa msimu mmoja, hailiwi, na thamani yake haipatikani mpaka ipite kwenye mizani na kiwanda. Kwa sababu hiyo kila mtawala aliyeshindwa kuwadhibiti wafugaji alijaribu kuwadhibiti kupitia pamba.

Pingamizi la pili ni kwamba ushirika ulijiua wenyewe. Ni kweli tume ya rais ya mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu na uongozi mbovu katika vyama vya ushirika nchini. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kumpokonya mkulima mizani yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na ununuzi ukaenda kwa mamlaka ya zao. Viliporudishwa katika miaka ya 1980, kikiwemo SHIRECU, chama kikuu cha Shinyanga, vilirudi chini ya kivuli cha serikali. Wezi wa ushirika waliweza kuondolewa kwa kura. Mamlaka ya zao haikupigiwa kura na mkulima. Sioni kuwa ni sadfa kwamba mfumo wa vyama vingi vya siasa uliporudi, Bariadi ikawa ngome ya UDP, chama cha John Cheyo, mgombea urais wa 1995 ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Bariadi Mashariki kwa miaka mingi.

Soko huria la mwaka 1994 liliwapa mizani wanunuzi binafsi. Mwaka 2018 serikali ilielekeza pamba iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika wa mazao (AMCOS), na msimu uliofuata bei ya dunia ilipoporomoka, wanunuzi wakasuasua na wakulima wakasubiri malipo. Muundo ulikuwa wa ushirika, ila bei na fedha vilikuwa mikononi mwa wengine. Simiyu, inayoongoza nchini kwa pamba, ina mkuu wa mkoa, halmashauri na wabunge. Kipimo cha kujitawala kwake, kwa ushahidi wa historia yake, ni kama mwanachama wa AMCOS anaweza kuhakiki uzito wa pamba yake, kuhoji makato na kumwondoa karani kwa kura. Pale asipoweza, mkoa umepata ofisi mpya, na mkulima amebaki alipokuwa kabla ya 1955.