Kabla Mizani Haijawa Sheria

Mwalimu wetu wa sekondari alitufundisha kuhesabu mizani kwa vidole. M-tu, mbili. N-chi, mbili. Ki-ta-bu, tatu. Ukifika 8 umemaliza kipande, 16 umemaliza mshororo. Mtihani ukaja, tukahesabu, tukapata alama zetu. Shairi lenyewe hakuna aliyelisikia.

Nilimkumbuka nikisoma habari za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vichwani mwa watu wa Mvita miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua hajamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya. Diwani yake ilitoka 1940, karne nzima baada ya kifo chake. Sasa jiulize, zilibakije? Kina cha kati na kina cha mwisho ni kama misumari miwili: ukisahau neno, sauti inakudokezea. Mizani 8 kwa 8 humpa mwimbaji pa kuvuta pumzi, palepale kila mara. Na kituo, ule mshororo wa mwisho, kikirudiwa kila ubeti, hadhira hukipokea.

Mshororo, kusema kweli, ni mambo ya karatasi zaidi. Katika miswada mingi ya tenzi ya hati za Kiarabu, ubeti mzima ulikaa mstari mmoja, vipande vinne. Sisi wa hati za Kirumi kila kipande tunakiita mshororo. Sikio halikujali: vitatu vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina cha bahari mpaka utenzi unakwisha.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi akachapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Alituokolea mengi, tusimlaumu. Ila neno sheria lina tabia ya kuzaa kesi. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, bila vina wala mizani ya kupangwa, wanajadi walisema haya si mashairi. Kesi ikaunguruma miaka na miaka, na mara nyingi iliendeshwa kwa hesabu, kama darasani kwetu.

Juzi nilimsomea mpwa wangu wa kidato cha pili shairi lenye kituo kinachorudiwa, kitabu nimekificha. Ubeti wa tatu, kituo alikimalizia yeye. Vidole vyake vilikuwa kwenye sahani ya karanga.