Ngama, Feuli na Farumi: Historia ya Nafasi Katika Vyombo Vidogo vya Pwani

Historia ya biashara ya Bahari ya Hindi imezoea kuandikwa kwa majina ya bandari, ya watawala na ya bidhaa. Swali ambalo halikuulizwa sana ni hili: bidhaa hizo ziliwekwa wapi chomboni, na kwa hekima gani? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake limo ndani ya msamiati wa Kiswahili, na msamiati huo umo hatarini.

Vyombo vya kushona ni vya kale katika mwambao huu. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilivitaja, na jina la bandari ya Rhapta lenyewe latokana na kushonwa kwa vyombo hivyo. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake, uliotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo: mbao zake zilifungwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Chombo cha namna hii si ghala. Ubavu wake umepinda, chini kunabana, na maji hayakosi kupenya katika mashono. Juu ya hayo, humo humo hapana budi watie maji ya kunywa, chakula, kuni, kamba, nanga na watu. Nahodha alitakiwa kuridhisha mambo matatu kwa pamoja: mzigo usilowe, chombo kisipinduke, na kitakachoteremshwa kwanza kisifukiwe chini ya kitakachoteremshwa mwisho.

Lugha yatuonyesha jinsi nafasi hiyo ilivyogawanywa. Ngama ni tumbo la chombo, mahali pa shehena. Lakini neno hilo hilo hutumika kwa pale chini maji yanapokusanyika. Maana hizi mbili hazikuchanganywa kwa uvivu wa wasemaji. Zaeleza hali halisi: mzigo na maji viligombea mahali pamoja. Ndiyo maana palihitajika banduru, mahali palipoachwa wazi ili baharia apate kufua maji kwa upo bila ya kuugusa mzigo. Mtu wa bara angedhani kuwa kuacha nafasi tupu katika chombo kidogo ni hasara. Baharia alijua kwamba pasipo nafasi ile shehena yote huharibika. Huko tezini palikuwa na feuli, sehemu ya kuhifadhia vitu, karibu na msukani na nahodha. Kwa hiyo hata katika chombo cha dhiraa chache palikuwa na mpango, na kila sehemu ilikuwa na jina lake.

Neno la tatu ni farumi, yaani mawe, mchanga au kitu kingine kizito kinachotiwa chini ili chombo kitulie. Farumi ya mawe haina faida sokoni, nayo yala nafasi. Werevu wa wasafiri wa kale ulikuwa katika kuifanya shehena yenyewe iwe farumi. Mfano bora ni chombo cha kushona cha karne ya 9, chenye urefu wa mita 18 hivi, ambacho mabaki yake yalipatikana mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Kilikuwa kimechukua vyombo vya kauri vya Kichina vipatavyo 60,000. Mabakuli ya Changsha yalipangwa kwa mzunguko ndani ya makasiki makubwa, bakuli juu ya bakuli, hata uwazi wa ndani ya kasiki ukawa ghala. Mikuo ya risasi ilitiwa humo pia, ikakipa chombo uzito. Kasiki moja lilikuwa bidhaa, sanduku na kinga kwa wakati mmoja. Habari hii haiko mbali na pwani yetu, kwani vigae vya kauri za Changsha vimefukuliwa Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu.

Kanuni hiyo hiyo yaonekana katika biashara ya boriti. Lamu miti ya mikoko haikuitwa kwa jina moja. Ilitengwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, ikahesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Majina haya yalimfaa muuzaji na mjenzi wa nyumba. Yalimfaa pia mpakiaji, kwa kuwa penye mwanya usioingia boriti huweza kuingia fito. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika jahazi la Kuwait kati ya 1938 na 1939, aliandika jinsi chombo hicho kilivyopakia miti katika delta ya Rufiji ili kuirudisha Ghuba. Aliandika pia kuwa mabaharia walikuwa na biashara zao ndogo ndogo juu ya fungu lao la faida. Hivyo nafasi chomboni ilikuwa sehemu ya ujira, na kuigawa ilikuwa kazi ya haki na vilevile kazi ya ufundi. Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982, pamoja na biashara hiyo ilipungua haja ya kuyatamka maneno yake.

Baadhi ya maneno hayo yameokoka kwa kuhamia nchi kavu. Jambo likiharibika husemwa limekwenda mrama, na wachache hukumbuka kuwa mrama ni mwendo wa chombo kinachoyumba. Kitabu husifiwa kuwa kimesheheni mifano, na shehena siku hizi hupakiwa katika malori. Feuli na banduru hazikubahatika hivyo. Zimo katika kamusi, lakini kamusi hufuata mpangilio wa alfabeti: banduru iko mwanzo, ngama iko katikati, na uhusiano baina yao hauonekani. Msomaji hupata maana ya kila neno asipate chombo.

A. H. J. Prins alipochapisha Sailing from Lamu mwaka 1965 alidhihirisha kwamba utamaduni wa bahari wa mji huo wastahili uchunguzi kamili. Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu. Maneno ya chombo yakusanywe kwa mpangilio wa chombo chenyewe, kutoka omo hadi tezi na kutoka mkuku hadi sitaha, kutoka vinywani mwa mafundi na manahodha wazee wa Lamu, Faza na Mombasa. Orodha ya maneno pekee haitoshi. Yatakiwa pia maelezo ya nini kilitangulia kupakiwa, nini kilifuata, na kwa sababu gani. Elimu hii haikuandikwa kwa kuwa wenyewe walikuwa nayo mikononi. Mikono hiyo ikipumzika, neno feuli litabaki katika kamusi kama kasha lisilo na kitu ndani.