Kijana wa Iftin na Mwimbaji Wake

Iftin ni mtaa wa mji wa Garissa, na jina lenyewe kwa Kisomali maana yake ni nuru. Katika mwaka wa 2019 alikuwako huko kijana wa kidato cha pili aliyempenda mwimbaji mmoja wa Marekani kupita kiasi. Mwimbaji huyo ni Lil Nas X, aliyezaliwa mwaka wa 1999, na wimbo wake, "Old Town Road", ulikuwa wa mwanamume mpanda farasi asiyeambiwa neno na mtu. Kijana wetu hakuwa na farasi. Alikuwa na punda wa mjomba wake, mvuta mkokoteni wa maji, na jioni alisimama juu ya mkokoteni ule, hatamu mkono mmoja, akiimba kwa sauti kuu. Watu walicheka, naye hakujali.

Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard mwezi wa Aprili, ukakaa hapo majuma 19, jambo ambalo hadi wakati ule lilikuwa halijapata kutokea. Tarehe 30 Juni, wimbo ungali kileleni, mwimbaji mwenyewe aliwajulisha watu kwa njia ya Twitter kwamba yeye huvutiwa na wanaume wenziwe. Akawaonyesha na rangi za upinde wa mvua zilizokuwa zimechorwa juu ya jalada la nyimbo zake, ambazo wengi walizitazama wasizione.

Kijana akakana. Kwanza alisema habari ni ya uzushi. Ilipothibitika, akasema ni mzaha wa wasanii. Mzaha ulipokosa mwisho, akasema matajiri wa muziki wamemlazimisha. Kila udhuru uliua udhuru uliotangulia, naye hakuona. "Mwalimu," aliniambia, "mtu anayefoka vile hawezi kuwa vile." Maneno hayo ni machache, walakini yana historia ndefu ndani yake.

Muziki wa kufoka huhesabiwa kuwa ulizaliwa tarehe 11 Agosti 1973 katika mtaa wa Bronx, mjini New York, katika karamu iliyopigiwa sahani na Clive Campbell, kijana mhamiaji kutoka Jamaika. Dada yake, Cindy, ndiye aliyeiandaa karamu hiyo ili apate fedha za nguo za shule. (Ajabu ni kwamba sanaa iliyojisifu sana kwa uanaume ilifunguliwa mlango na msichana.) Bronx ilikuwa mahali pa ufukara, na asiye na mali alikuwa na ulimi. Vijana wakashindana kwa maneno mbele ya hadhara, na katika mashindano ya namna hiyo tusi lililo karibu kabisa na mkono ni kumwambia mwenzio kwamba si mwanamume. Likarudiwa hata likawa kama kiapo cha kuingilia chamani. Kundi la Odd Future lilishutumiwa sana kwa kulitumia tusi hilo. Kisha tarehe 4 Julai 2012, Frank Ocean, mmoja wa kundi lile lile, alichapisha barua akieleza kwamba pendo lake la kwanza lilikuwa kwa mwanamume. Tusi lilikuwa likiimbwa, na mwenye kutusiwa amesimama kati ya waimbaji.

Jambo hili si geni kwa Wasomali, maana kwao ushairi ni silaha tangu zamani. Gabay ni utungo wa wanaume, na wanawake wana utungo wao, buraanbur. Bingwa wa gabay, Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliwapiga Waingereza na wapinzani wake kwa bunduki na kwa beti kwa muda wa miaka 20 na zaidi, mpaka alipofariki mwaka wa 1920. Beti zake za kuwatweza wanaume wengine zingali zikikaririwa. Lakini mwaka wa 1909 wafuasi wake walimwua Sheikh Uways wa Barawa, mwanachuoni wa Kadiria ambaye wanafunzi wake walienea hata Unguja na mrima wa Tanganyika. Mtajie habari hiyo mpenzi wa Sayyid, nawe utasikia nyudhuru zile zile tatu, kwa mpango ule ule. Watu wazima nao wana mikokoteni yao.

Nyumbani Kenya sheria ya wakati wa ukoloni yaadhibu tendo la wanaume wawili kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 14. Mwaka wa 2016 Bodi ya Kuainisha Filamu iliupiga marufuku wimbo wa kufoka wa kundi la Art Attack uliowatetea watu hawa, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuifuta sheria hiyo. Majuma matano baadaye ndipo habari ya mwimbaji ilipofika Iftin. Dini ya watu wa Garissa nayo ina hukumu yake juu ya tendo hilo, wala sikukaa hapa kuibishia. Lakini kuhukumu tendo ni jambo moja, na kukataa kusikia alilolisema mtu kwa kinywa chake ni jambo jingine.

Nami naamini kijana wetu hakuwa akimtetea mwimbaji. Katika darasa lake palikuwa na mvulana mwenye sauti nyembamba, ambaye wenziwe walimbandika jina baya hata akaacha kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Alipoitwa kusoma alisimama tu, akatazama kitabu, akaketi. Mpanda punda wetu alikuwa wa kwanza kucheka. Baada ya Juni wale wacheshi wenziwe walimgeukia yeye: je, na wewe mwenye kumwimba? Alilijua vizuri jina lile, na uzito wake, kwa kuwa alikuwa amelitupa mara nyingi.

Muhula uliofuata nilimkuta njiani na mkokoteni wake, akipiga mluzi sauti ya wimbo ule ule. Nikamwuliza ni wimbo wa nani. Akavuta hatamu, akamtazama punda.

"Ni wimbo wa farasi tu, Mwalimu," akasema.