Mbuzi Asiye na Meno

Mwaka 2006 mbuzi mmoja wa Baringo alipelekwa hadi Mahakama Kuu, Nairobi. Hakuwa na meno. Jamii ya Ilchamus ilikuwa imeishtaki serikali, na yeye ndiye alikuwa kielelezo.

Hadithi hii niliisikia darasani mwaka wa pili, kabla sijaacha chuo. Tulicheka sana. Siku hizi sicheki.

Kesi ilihusu mti tunaouita mathenge, ambao asili yake ni Amerika. Mapema miaka ya 1980, mradi wa miti ya kuni ulioungwa mkono na FAO uliupeleka kwenye tambarare za Ziwa Baringo. Na tuwe wakweli, shida ilikuwepo: ukame, vumbi, ardhi imebaki uchi. Mathenge hauogopi jua na unakua chap. Watu walifundishwa kuupanda, wakaupanda.

Somo lilienda upande mmoja tu. Mtoto yeyote wa mfugaji angekwambia kwamba mbuzi hutembea, na anachokula leo hapa atakiangusha kesho kule. Mbegu za mathenge hupita tumboni zikiwa hai, kwa hiyo mti ukasambaa na mifugo, ukafunga njia za kwenda majini, ukafukuza nyasi. Miba yake hutoboa hadi matairi. Maganda yake ni matamu, na sukari ile hunasa kwenye meno ya mbuzi hadi yanaoza na kung'oka. Mbuzi asiye na meno hafi kwa ugonjwa. Anakufa njaa, malisho yakiwa mbele yake.

Walimu walirudi miaka ya 2000, FAO pamoja na KEFRI, safari hii na mashamba darasa: kupunguza matawi, kuchoma makaa, kusaga maganda yawe chakula cha mifugo. Ukisaga, mbegu inakufa. Mimi naona hapo ni mbuzi aliyefundisha.

Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa gugu hatari. Ungedhani imeisha. Lakini kufikia hapo kuna waliokuwa wakilipa karo kwa makaa yake, na hao hawataki ung'olewe wote. Mwenye ng'ombe anataka hata mizizi itoke. Wote wawili ni "jamii", lile neno tuliloandika kwenye kila insha ya chuo kana kwamba ni mtu mmoja. Ukipita Marigat utaona magunia ya makaa kando ya barabara, na nyuma yake mathenge, kijani kabisa.