Jina Juu ya Bahasha: Kadi za Arusi za Nakivale

Katika somo la uandishi wa barua na kadi huwa tunafundisha kwamba mwalikwa aandikwe "Bw.", "Bi." au "Bw. na Bi.", kisha jina. Kanuni hiyo niliifundisha hapa Mbarara kwa miaka mingi bila wasiwasi, mpaka mwanafunzi wangu mmoja, Mkongo aliyekulia Nakivale, aliponiletea bahasha za arusi ya dada yake nimsaidie kuziandika.

Majina haya ya heshima yana historia. Barua za pwani za hati ya Kiarabu, kama zile alizozichapisha Büttner mwaka 1892, zilitanguliza heshima na salamu, haja ikafuata. Arusi yenyewe haikungoja barua. Walitumwa watu, hasa wanawake, kupita nyumba kwa nyumba wakialika kwa mdomo. Kadi ya kuchapishwa ilikuja na Wazungu, nasi tukaitafsiri pamoja na "Mr. and Mrs." yake. Siasa nazo hazikukaa kando. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, "Ndugu" lilishamiri maofisini na mikutanoni. Zaire, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mobutu aliwaondolea watu "Monsieur" na "Madame", wakawa "Citoyen" na "Citoyenne" hadi mwaka 1990.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ilikuwa katika Wilaya ya Mbarara mpaka Isingiro ilipoundwa mwaka 2005. Leo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali ni majirani huko, na kila mmoja amekuja na namna yake ya kuitana. Orodha ya kijana ilikuwa na "Couple", "Papa", "Mzee", "Pasta", na "Mama Fulani" kwa wingi, yaani mama na jina la mtoto wake. Mimi, kwa ujuzi wangu wa darasani, nikawa nasahihisha tu. Nikifika kwa "Mama Fulani" namwuliza kijana jina la mume, naandika "Bw. na Bi."

Bahasha moja ilirudi. Mume wa mama yule walipotezana Kivu wakati wa kukimbia, na hadi leo haijulikani kama yu hai. Kumwandika pamoja naye kulimtonesha kidonda, kumwandika "Bi." peke yake kungekuwa kumfanya mjane kabla ya habari ya msiba.

"Mwalimu, mimi nilijua," kijana akaniambia, "ila sikutaka kukubishia."

Tuliandika upya: "Mama Fulani na familia", kama alivyoandika yeye tangu mwanzo. Shangazi wa bibi arusi hakumtuma mtoto kuipeleka. Alikwenda mwenyewe, akaketi, wakaulizana hali, ndipo akaitoa bahasha.

Katika zoezi la muhula huu nimebadili maelekezo: mwanafunzi aandike kwanza jinsi mwalikwa anavyoitwa na majirani zake, halafu ndipo atafute jina la heshima la kutanguliza.