Penzi na Matanga: Riwaya za Kwanza za Ukanda wa Ziwa

Riwaya za mapenzi zilizotoka Kisumu na vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria zina tabia moja: ni nadra kukomea harusini. Wapenzi wakishaoana ndipo hadithi inapochanganya, na msiba hauko mbali. Tabia hiyo haikuletwa na wachapishaji wa Nairobi. Ilikuwemo katika simulizi na desturi za Wajaluo kabla ya kalamu kufika, na waandishi wawili walioiingiza katika riwaya zao za kwanza, Grace Ogot mwaka 1966 na Margaret Ogola mwaka 1994, wote wawili asili yao ni Asembo, na wote wawili walipata riziki hospitalini.

Zamani msichana wa Kijaluo akipevuka hakulala tena nyumbani kwa mama yake. Alihamia siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyeitwa pim, akakaa humo na wenziwe hadi kuolewa. Pim ndiye aliyewafundisha habari za wanaume, za koo zinazooana na zisizooana, na namna ya kuishi na mama mkwe. Usiku alisimulia sigana, yaani ngano, na nyingi zilihusu wasichana waliopenda wasipopaswa kupenda au waliolilia wachumba waliopotea. Somo la mapenzi na somo la huzuni yalitoka kinywa kimoja.

Hali ya msichana mwenyewe iliyasogeza mambo hayo mawili karibu zaidi. Kwa baba yake alihesabiwa kuwa mpita njia. Mshenga, yaani jagam, alipita kati ya familia mbili, ng'ombe wakahesabiwa, na binti akaenda kuanza maisha ugenini. Akifa akiwa mtu mzima kabla ya kuolewa, kaburi lake lilichimbwa nje ya ua wa boma, kwa sababu ndani hakuwa na mahali pake. Mume akifa, mjane alivaa nguo za marehemu na kumlilia kwa sauti mbele ya ukoo mzima, wanaume wakawakimbiza ng'ombe hadi mpakani kukifukuza kifo katika sherehe ya tero buru, na mpiga kinubi cha nyatiti akaitwa kuimba sifa za aliyekwenda. Baada ya muda wa maombolezo, ndugu wa marehemu alimchukua mjane kwa desturi ya tero. Penzi la watu wawili lilianza mikononi mwa ukoo na kuishia humo humo. Mwandishi wa riwaya, ambaye kazi yake ni kufuata moyo wa mtu mmoja mmoja, hangeweza kulikwepa suala hilo.

Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901, na misheni ya Kianglikana ikafungua kituo Maseno mwaka 1906. Kusoma na kuandika kulienea haraka, ila vitabu vya kwanza vya Kijaluo vilivyoandikwa na wenyeji havikuwa vya mapenzi. Kile cha Paul Mboya, Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotoka mwaka 1938, kilieleza mila na desturi. Vile vya kampuni ya Equatorial ya Kisumu, miaka ya 1950, vilihusu chimbuko la Wajaluo na orodha za koo zao. Wazee waliosoma walikuwa na haraka ya kuhifadhi kumbukumbu kabla hazijapotea. Ndoa na mazishi yanaelezwa humo jinsi sheria inavyoelezwa. Anayependa na anayelia hawaonekani.

Riwaya ya kwanza ya mapenzi katika familia ya lugha za Kijaluo ilitokea upande wa pili wa mpaka, Uganda. Mwaka 1953 Okot p'Bitek, kijana wa Gulu, alichapisha Lak Tar kwa Kiacholi, lugha iliyo ndugu wa Kijaluo. Kijana Okeca anampenda msichana, hana mahari, anakwenda mjini kuitafuta, na jasho lake linapotea kabla hajafika nyumbani. Okot alikuja kuishi Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960 akifanya kazi ya elimu ya watu wazima chini ya chuo kikuu, na mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa mjini humo. Wakati huo lakini jina lake lilikuwa la mshairi, na ile riwaya ya ujanani ilikuwa imeshafunikwa na tenzi zake.

Grace Emily Akinyi, ndiye Grace Ogot wa baadaye, alizaliwa mwaka 1930. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa mwalimu na miongoni mwa watu wa kwanza wa Asembo kupata elimu ya kizungu. Alimsomea hadithi za Agano la Kale, na bibi yake akamsimulia za kijijini. Grace alisoma shule za Ng'iya na Butere, akajifunza uuguzi Mengo, Uganda, kisha ukunga Uingereza, na akafanya kazi katika hospitali ya Maseno. Huko London alisoma pia matangazo katika idhaa ya BBC iliyolenga Afrika Mashariki. Mchumba wake alikuwa Bethwell Allan Ogot wa Gem, ambaye baadaye alijulikana kama mwanahistoria mkuu wa Kenya. Waliandikiana barua nyingi kabla ya kuoana mwaka 1959, na Bethwell ndiye aliyeona katika barua hizo kalamu ya mtunzi na kumhimiza aandike. Katika historia ya fasihi ya Kenya, barua za uchumba zimefanya kazi kubwa kuliko warsha nyingi za uandishi.

Hadithi aliyoisoma katika mkutano wa waandishi wa Afrika huko Makerere mwaka 1962 ilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Black Orpheus la Nigeria, na baadaye ikajulikana kwa jina The Rain Came. Ni fupi, lakini mbegu za riwaya zote zilizofuata zimo. Ukame umeishika nchi. Mganga anamwambia chifu Labong'o kwamba mvua haitanyesha mpaka binti yake wa pekee, Oganda, atolewe kwa zimwi la ziwani. Wazee wanapokusanyika kunong'ona, Oganda anadhani wanajadili posa yake. Anakaa akiwapitia wanaume mmoja mmoja kichwani, huyu hapana, yule hapana, hadi kwa Osinda, kijana ampendaye. Anapakwa mafuta na kuagwa na watu, naye anakwenda ziwani kama bi harusi anavyokwenda kwa mumewe. Ogot hakulazimika kueleza kwamba harusi na mazishi ya msichana hufanana. Alipanga matukio tu. Kisha akafanya jambo ambalo ngano za aina hiyo hazikulizoea: Osinda anamfuata mpenzi wake, anamficha kwa vazi la majani, wanakimbia pamoja, na mvua inanyesha hata hivyo. Sadaka haikutolewa, na nchi ikapona.

Ogot alieleza baadaye kwamba alipopeleka hadithi zake katika ofisi ya uchapishaji ya serikali ya kikoloni, East African Literature Bureau, mkuu wa hapo alishangaa kwamba mwanamke Mkristo aliandika juu ya kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Mshangao huo unasema mengi juu ya hali ya uchapishaji wa siku zile: kitabu kilitarajiwa kufunza, na mapenzi yaliruhusiwa yakiwa mfano wa mwenendo mwema.

East African Publishing House ilianzishwa Nairobi mwaka 1965, na mwaka 1966 ikatoa riwaya ya kwanza ya Ogot, The Promised Land. Mwaka huo huo Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru, na wawili hao huhesabiwa pamoja miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kuchapisha riwaya kwa Kiingereza. Nyapol na Ochola ni vijana waliooana karibuni huko Seme, magharibi ya Kisumu. Ochola anasikia habari za ardhi yenye rutuba Tanganyika, upande wa pili wa ziwa, na anaamua kuhama. Nyapol hataki. Analia, anabisha, na mwishowe anafuata kwa sababu mke hana njia nyingine. Wanatajirika, jirani anawaonea kijicho, na Ochola anapatwa na ugonjwa unaoigeuza ngozi yake kuwa miiba. Hospitali inashindwa, mganga anamponya, kwa sharti kwamba waondoke mara moja na kuiacha mali yote.

Sura za mwanzo ndizo bora. Mkunga anayejua nyumba za watu kwa ndani ndiye anayeandika pale: manung'uniko ya bi harusi, ukimya wa mume asiyejua kubembeleza, kaburi la mama wa Ochola ambalo ni dhambi kuliacha. Kinachoombolezwa katika kitabu hiki ni nyumbani, na Nyapol anaomboleza mapema kuliko wengine kwa kuwa msichana wa Kijaluo alishafunzwa kuondoka. Nusu ya pili, yenye uchawi, iliwatatiza wahakiki wa wakati huo, na baadhi walikipuuza kitabu kizima. Walichokikosa ni kwamba muuguzi aliyefunzwa London aliiacha hospitali ishindwe kwa makusudi, wala hakuona haja ya kuomba radhi.

Baada yake ukanda wa ziwa ulipata sauti nyingine kadhaa. Marjorie Oludhe Macgoye, Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni na kuolewa na Mjaluo mwaka 1960, aliishi Kisumu miaka ya mwanzo ya ndoa yake; riwaya yake ya mwaka 1972, Murder in Majengo, imepewa jina la mtaa. Kitabu chake kilichopata tuzo mwaka 1986, Coming to Birth, si cha kwanza, ila hakiwezi kurukwa hapa. Kinamfuata Paulina, aliyeolewa akiwa na miaka 16, na huzuni kubwa ya maisha yake inatokea Kisumu. Oktoba 1969, miezi michache baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, Rais Kenyatta alikwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Ghasia zikazuka na polisi wakapiga risasi. Mtoto wa Paulina anafia hapo. Msiba wa kitabuni ukawa msiba ambao jiji zima linaukumbuka. Asenath Bole Odaga naye, mzaliwa wa Rarieda, alianzisha kampuni ya Lake Publishers mjini Kisumu mwaka 1982, na kwa mara ya kwanza mwanamke wa ukanda huo akawa na uwezo wa kuchapa hadithi za mapenzi na za watoto bila kupitia Nairobi.

Swali la nani mwenye haki ya kumlilia mume lilitoka vitabuni likaingia mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager wa Kijaluo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilidumu miezi mitano huku nchi nzima ikiifuatilia magazetini. Ukoo ulishinda, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Majaji walilazimika kupima ndoa ya watu wawili dhidi ya haki ya ukoo, mzani ule ule ambao Ogot aliushika katika kisa cha Oganda.

Miaka saba baadaye daktari wa watoto aliyekuwa hajawahi kuchapisha riwaya alitoa The River and the Source. Margaret Ogola alizaliwa mwaka 1958 Asembo, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwa miaka mingi aliongoza kituo cha Cottolengo kilichotunza mayatima wenye virusi vya UKIMWI. Msingi wa riwaya ni hadithi alizozisikia kwa mama yake. Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, anachumbiwa na Owuor Kembo, chifu kijana wa Sakwa. Baba wa msichana anataja ng'ombe thelathini, na upande wa Owuor unawatoa bila ubishi. Kisha Owuor anakataa kuoa mke wa pili, ingawa watoto ni wachache na mama yake anamshutumu Akoko kuwa amemloga. Kwa chifu wa zama zile ukataaji huo ulikuwa kashfa, na ndio unaoufanya uhusiano wao uwe penzi kwa maana ambayo msomaji wa leo anaielewa mara moja.

Ndipo vifo vinapoanza kupiga hodi kimoja baada ya kingine. Mwana wa kwanza, Obura, anatoroka kuiona dunia na kufa vitani Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Owuor anafuata. Mwana wa pili anakabwa na mwiba wa samaki, kifo ambacho hakuna mtu wa ufuoni asiyekijua. Shemeji anakalia kiti cha uchifu na kutapanya mali, na Akoko, badala ya kusubiri ukoo uamue hatima yake, anasafiri hadi Kisumu kumshtakia mkuu wa wilaya. Binti yake Nyabera naye anafiwa na mume na watoto, anajaribu njia ya kurithiwa, inamshinda, na anakimbilia misheni ya Wakatoliki huko Aluor. Ogola hasemi kwamba desturi ni mbaya au dini ni nzuri. Anaonyesha wajane wawili wakitafuta mahali pa kuweka huzuni yao, mmoja serikalini na mwingine kanisani.

Vizazi vinaendelea hadi kwa wajukuu wa Nyabera mjini Nairobi, ambapo mmoja wao anakufa kwa UKIMWI. Daktari aliyeketi na watoto walioachwa mayatima na ugonjwa huo hakuhitaji kubuni mengi. Riwaya ilipata tuzo ya Jomo Kenyatta na tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora kanda ya Afrika, zote mwaka 1995, kisha ikawa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari. Wakenya wengi waliolia kwa sababu ya hadithi ya mapenzi, kwa mara ya kwanza walilia darasani, huku wakijiandaa kujibu maswali juu ya wahusika na maudhui.

Ogola alifariki mwaka 2011, na Ogot mwaka 2015, miaka mitatu baada ya tawasifu yake, Days of My Life, kutolewa Kisumu na Anyange Press. Katikati ya vifo hivyo viwili ilitoka riwaya ya kwanza ya Yvonne Adhiambo Owuor, Dust, inayoanza na mauaji ya kijana barabarani Nairobi na kumfuata dada yake anayerudi kumlilia. Matukio mengi yako kaskazini kame, mbali na ziwa. Baba wa marehemu ni askari mstaafu aliyetoka Nyanza, na jina lake ni Nyipir Oganda.